Nyonga ya Thekla

Berlin, 9 Februari 1931

Kwako Dada Thekla,

Mimi ni mzima kuanzia kichwani hadi kiunoni. Kutoka hapo kwenda chini usiniulize. Treni imenitikisa njia nzima kutoka Dresden, na nyonga ya kushoto inauma kama siku ile nilipoanguka mazoezini. Lakini sikuandikii habari za maumivu. Nakuandikia kwa sababu nimepigwa na butwaa, na nisipomwambia mtu nitapasuka.

Dada, umenileta wapi huku?

Ulisema ni shule ya mazoezi ya viungo, ya Bibi Ottilie Marquardt, anayewatengeneza watu waliowashinda madaktari. Nimeingia viatu vya mazoezi mkononi, nywele nimezibana vizuri. Nakuta watu kumi na kitu wamelala chali sakafuni, macho wameyafumba, kimya kama waliopigwa na gesi vitani. Mmoja ni fundi cherehani, mwingine karani wa benki, na mzee mmoja alikuwa anakoroma kabisa. Hakuna piano. Hakuna kioo, hata cha kujipakia poda. Palipokuwa na kioo pamebaki alama tu ukutani.

Nikasimama mlangoni nikingoja. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, kila aliyefumbua jicho alinitazama. Mwisho nikamwuliza Bibi Marquardt, "Samahani, somo linaanza lini?"

"Linakaribia kwisha, mwanangu," akasema.

Walipoondoka wengine akaniambia nitembee. Nikatembea mwendo wetu, ule uliowainua watu vitini kule Leipzig: bega la kushoto juu, nyonga nje, mguu ukiburuzika kidogo nyuma, mkono wa kushoto umekunjwa ubavuni na kiganja kinatazama juu. Nikaufanya vizuri ingawa meno nilikuwa nimeyauma. Kisha akauliza, "Nini kimetokea hapo?"

"Nimetembea."

"Ndiyo. Na nini kimetokea?"

Nikamwambia, basi nionyeshe wewe mwendo ulio sawa, niufuate. Akacheka kama nimemwomba anikopeshe meno yake. Anasema hajawahi kumwonyesha mwanafunzi kitu chochote. "Nikikuonyesha, utaondoka na mwendo wangu. Wangu ninao mwenyewe. Wako utabaki na nani?"

Mwalimu asiyeonyesha! Ni kama mpishi asiyewasha moto.

Sikiliza, Dada. Onyesho la kundi lako la "Wajane" ni mwezi wa Mei, na nafasi ya mjane wa kwanza ni yangu. Uliniahidi mbele ya Mama. Daktari alisema nyonga ikiendelea hivi nitashika mkongojo kabla sijaolewa. Aseme atakavyo. Sijui kufanya kitu kingine duniani zaidi ya kucheza, na sitaki kujua. Kama kulala sakafuni na fundi cherehani ndiyo njia, nitalala. Lakini niambie kwanza kwamba hukukosea anwani.

Mdogo wako,
Gesine


Dresden, 13 Februari 1931

Gesine,

Sikukosea anwani. Aliyekosea ni wewe uliyesimama mlangoni ukidhani unajua somo linafananaje.

Usiwacheke sana hao waliolala. Sisi na wao ni tumbo moja. Kizazi cha mama zetu kilifungwa mavazi ya kubana kiuno hadi mbavu zikaingiliana. Mwanamke akipanda ngazi anazimia, na watu wanasema ana moyo mwororo. Wakatokea wanawake wachache wakayavua, wakawaambia wenzao: vueni, mpumue. Waliokuwa wagonjwa wakakaa chini wakajifunza kupumua. Waliokuwa wazima wakasimama wakacheza pekupeku. Wale wa kwanza ndio ukoo wa Bibi Marquardt, na wale wa pili ndio sisi. Baadaye ndugu wakagombana, kama ndugu wote. Wao wanasema sisi tunajionyesha. Sisi tunasema wao wamelala. Kila upande una haki yake kidogo, ila watu hulipa kiingilio kuja kututazama sisi.

Lakini sikukupeleka huko ukawe mmoja wao. Chukua dawa, uache dini. Kila asubuhi, kabla ya kahawa, fanya mwendo wetu mbele ya kioo. Kama huna kioo, tumia dirisha la duka. Bega juu, nyonga nje, mguu unafuata. Nilikufundisha ukiwa bado msichana mdogo, nikakusimamisha nyuma yangu ukawa kivuli changu, na hakuna mtu aliyeuchukua mwendo ule kama wewe. Wengine wanauiga. Wewe unao. Usije ukaupoteza kwa kulala.

Wasichana hawajambo. Nafasi yako ipo. Mama kaandika kutoka Chemnitz. Bado anakohoa pamba za kiwandani, na anasema Mei atakuja kututazama. Unajua hajawahi kukanyaga kwenye onyesho letu hata moja. Anaamini kucheza ni kazi ya watu wasio na kazi. Sasa mwaka huu nusu ya Ujerumani haina kazi, labda ndiyo maana ameamua kuja.

Kula vizuri. Usiandike tena kwamba utapasuka.

Thekla


Berlin, 2 Machi 1931

Dada mpendwa,

Nimetii. Kila asubuhi nafanya mwendo mbele ya dirisha la mchinjaji aliye chini ya nyumba ninayokaa. Siku ya kwanza alitoka na kisu mkononi akaniuliza, "Binti, umeumia? Nikuletee kiti?" Nikamwambia ni sanaa. Akatazama tena, akasema, "Kiti ninacho lakini," akarudi kwenye soseji zake. Mpaka leo akiniona anakigonga kile kiti kwa mguu, kunionyesha kwamba bado kipo.

Huku darasani mambo yanazidi kunitoa macho. Juzi Bibi Marquardt alitupa kila mtu fimbo, nikasema haya, leo tutacheza. Kumbe ni ya kuilalia! Unaiweka chini ya mgongo, unalala juu yake, halafu unangoja. Nikamwuliza tunangoja nini. Akasema, "Habari." Nikadhani ananitania. Lakini baada ya muda ikaja kweli, nami nikashtuka hadi nikaketi: pumzi yangu haiingii upande wa kushoto. Inafika katikati ya kifua inageuka, kama mtu aliyekuta mlango umefungwa. Miaka yote hii nacheza, naruka, napigiwa makofi, na nusu yangu haipumui wala sina habari!

Nilimwuliza alijifunza wapi mambo haya. Anasema zamani alikuwa mwalimu wa mazoezi katika shule ya wasichana, wa kupuliza filimbi, moja, mbili, moja, mbili, wote mguu wa kulia. Akavunjika mguu, na wiki hiyohiyo koo likamwuma sauti ikaisha. Hawezi kuonyesha wala kuamrisha. Akakaa kwenye kiti anawatazama tu watoto, akiandika ubaoni swali moja: nini kinatokea? Anasema aliporudi kwenye hali yake, wasichana wenye mgongo uliopinda walikuwa wamenyooka kidogo, na wale aliowaona wazuri kuliko wote walikuwa ndio waliomwiga yeye zaidi. "Niliona aibu," akasema, "nikatupa filimbi."

Jana akaniambia nitembee kana kwamba hakuna aliyewahi kunifundisha. Nilisimama katikati ya chumba kama mti. Dada, sikuweza. Kila hatua niliyoinua ilikuwa ya kwako. Fundi cherehani alitembea, karani wa benki alitembea, hata mzee wa kukoroma akatembea na tumbo lake. Mimi mchezaji nikashindwa kuvuka chumba.

Nimelia kidogo. Lakini usiku huo nyonga haikuniuma, na sijui kwa nini.

Mbona hunielezi mazoezi ya "Wajane" yamefika wapi?

Gesine


Dresden, 15 Machi 1931

Gesine wee,

Ni mimi Wiebke, yule mnayemwita bata wa Kiel. Dada yako Mwalimu akijua nimekuandikia atanikaanga bila mafuta, kwa hiyo barua hii ukiisoma ichome, au imeze.

Nitasema upesi. Nafasi yako nimepewa mimi. Tangu Februari, siku ya pili baada ya wewe kuondoka. Alituambia sote tusikwambie usije ukakata tamaa. Mimi nilikataa kwanza, kisha nikakubali, kwa sababu nina tamaa kama watu wote na sitakudanganya. Nichukie wiki moja halafu unisamehe.

Sasa sikia la kukushangaza. Mwalimu ananifundisha mwendo ule kama alivyokufundisha wewe, asubuhi na jioni, mimi nyuma yake mbele ya kioo, kivuli chake. "Zaidi, Wiebke! Nyonga nje zaidi! Gesine alikuwa nayo!" Basi nikaipata. Na nilipoipata, nyonga yangu ikaanza kuuma. Ya kushoto, palepale ulipokuwa ukishika wewe ukidhani hatukuoni.

Nilinyamaza. Juma lililopita tunavaa nguo, namwona Annelore anajipaka kafuri. Namwuliza wapi. Ananionyesha: nyonga ya kushoto. Halafu yule mfupi kutoka Bautzen akasema, "Hata mimi." Tukatazamana kama watu walioibiwa na mwizi mmoja. Mama mwenye nyumba anasema ni unyevu wa kuta. Sasa unyevu gani unachagua nyonga, tena ya kushoto tu?

Tuliwaza ni ugonjwa wa kuambukiza. Wewe ndiwe uliyeanza. Hebu mwulize huyo mganga wako wa sakafuni, una nini, na umetuachia nini?

Wako anayechechemea,
Wiebke


Berlin, 18 Machi 1931

Dada Thekla,

Naandika mbio, utanisamehe mwandiko.

Najua kwamba nafasi yangu umempa mwingine. Usimtafute aliyeniambia. Nilidhani hilo ndilo litakaloniumiza na kumbe ni dogo.

Tangu mwanzo wa mwezi nimeacha kufanya mwendo asubuhi. Sikukwambia. Nikaacha tu, nikalala sakafuni, nikapumua, na maumivu yakapungua siku hadi siku mpaka yakaisha. Yameisha, Dada! Nilishuka ngazi mbio kama mtoto. Jana nilipopata habari za wasichana, nilikwenda kwenye dirisha la mchinjaji nikaufanya mwendo wetu kwa ukamilifu, kama unavyotaka wewe. Sikufika mwisho wa dirisha. Maumivu yalirudi palepale, kama mbwa aliyeitwa jina lake. Mchinjaji akaleta kiti, na safari hii nilikikalia.

Nyonga yangu haina ugonjwa. Mwendo ndio ugonjwa. Na sasa Wiebke anao, na Annelore, na wengine watafuata, kwa sababu sote ni wanafunzi wazuri.

Usitupe barua, endelea kusoma.

Leo nilimweleza Bibi Marquardt. Hakushangaa, akaniambia nilale nifumbe macho. Kisha akauliza, "Nyonga ya kushoto inafanya kazi gani?" Nikajisikia nasema, "Inabeba." Sikulifikiri neno hilo, lilitoka. "Inabeba nini?" Nilifumbua macho nikautazama mkono wangu umekunjwa ubavuni, kiganja juu, mtupu.

Dada, mwendo huu hukuubuni kwa ajili ya jukwaa. Nakumbuka ukipanda ngazi za nyumba yetu Chemnitz na ndoo ya makaa, kabla hujaota hata kucheza, na ulikuwa unapanda hivyohivyo. Watu wanalia wakiuona, magazeti yanauandika, nasi tumeuiga kama Injili. Si mtindo. Ni kilema. Wewe una kilema, umekificha, ukatufundisha sisi kilema chako.

Nini kilikutokea? Niambie. Na uwaambie wasichana waache, leo, kabla ya Mei.

Gesine


Dresden, 21 Machi 1931

Gesine,

Gazeti la Leipzig liliandika kwamba mkono ule unaomba kwa niaba ya wanawake wote waliofiwa. Wewe, mwezi mmoja na nusu umelala sakafuni na makarani, unauita kilema.

Nimekulea. Nimekupa kazi, jina na mahali pa kusimama. Nilidhani nimemfundisha mchezaji, kumbe nimefuga mpelelezi.

Wasichana wanaumwa kwa sababu ni wavivu wa kunyoosha misuli. Onyesho ni Mei. Wiebke atacheza. Wewe baki huko, uendelee kungoja habari.

Usirudi mpaka nitakapokuita, na sijui kama nitakuita.

Thekla Hennig
Kiongozi wa Kundi


Dresden, 24 Aprili 1931

Gesine, keti kwanza. Umeketi? Haya.

Mama yenu amekuja.

Kiwanda kimefungwa wiki hii nzima, hakuna oda, basi akapanda treni bila kumwambia mtu akatutokea mazoezini na koti lake na kikapu cha mkate. Ninyi hamkutuambia kwamba mama yenu ni mdogo hivyo! Nilitazamia jitu. Akaketi kwenye benchi karibu na piano, koti hakuvua, kikapu magotini. Usoni alikuwa amejiandaa kuchoshwa, kama mtu aliyeingia kanisa la watu wengine.

Mwalimu akasema tumwonyeshe mwanzo wa "Wajane". Unaujua: mbele Mwalimu peke yake, kisha sisi wengine mmoja mmoja kutoka pembeni, mwendo uleule, bega, nyonga, mkono. Tumeingia. Mimi namfuata Mwalimu, nimeuma mdomo maana nyonga inawaka moto. Tulipokuwa wote tumejaa sakafuni nikasikia kitu kimedondoka. Ni kikapu. Mkate umebingirika mpaka kwenye miguu ya Annelore.

Mama yenu amesimama, mkono mdomoni. Halafu akapiga kelele, sauti ya mtu aliyezoea kuongea juu ya mashine:

"Thekla! Kwa nini wote wamembeba Gesine?"

Piano ikanyamaza. Sisi tukasimama vilevile tulivyo, bega juu, mkono ubavuni, hakuna aliyethubutu hata kuushusha. Mwalimu akatabasamu kidogo, yale matabasamu yake ya kumvumilia mtu. "Mama, hawajabeba kitu. Huyo ni mjane anamlilia mumewe."

"Usinifundishe mimi! Nimefiwa na mume, mjane hatembei hivyo, mjane anatembea upesi ana kazi nyingi! Hivyo ulikuwa unatembea wewe, na huyo mtoto ubavuni, baridi nzima ile ya vita, ya kula tanipu. Mimi natoka zamu ya usiku, nakutana nanyi mlangoni mnakwenda kwenye foleni. Bega hivyo. Nyonga hivyo. Mguu unaburuza hivyo. Na kiganja chako hapa, chini ya matako yake, asianguke!" Akawa anatuonyesha, Gesine, katikati yetu na koti lake, na alikuwa anaufanya mwendo ule vizuri kuliko mimi. "Mtoto alishuka siku nyingi! Ana miaka kumi na tisa! Wewe mwenzangu bado umembeba? Na hawa watoto wa watu umewabebesha?"

Nilitaka kucheka. Nikatazama kwenye kioo ili nisicheke, nikatuona: safu nzima ya wasichana wazima, kila mmoja na mtoto asiyekuwepo ubavuni. Annelore aliuangalia mkono wake akaanza kulia kwa sauti.

Mwalimu alikuwa ameduwaa. Nimemwona akitazama kioo kila siku ya maisha yangu hapa, lakini huwa anatutazama sisi. Jana alijitazama mwenyewe. Alikiona kiganja chake, akajaribu kukigeuza kitazame chini, kikarudi. Akajaribu tena, kikarudi. Kisha akaketi chini palepale alipokuwa, si kwa uzuri, aliketi kama gunia.

Mama yenu akaokota mkate, akaupangusa, akaenda kuketi sakafuni karibu naye na koti lake. Sisi tukatoka bila kuambiwa.

Sijui kesho kutakuwa na mazoezi. Nilidhani uwe wa kwanza kujua, kwa sababu ni wewe tuliyekuwa tumekubeba, na ni mzito, dada, nakwambia ukweli.

Wiebke


Dresden, 28 Aprili 1931

Mdogo wangu Gesine,

Uliniuliza nini kilinitokea, nami nikakujibu kwa matusi. Sasa najibu.

Ilikuwa baridi ya mwaka wa kumi na saba. Wewe ulikuwa na miaka mitano, na miguu yako ilikuwa imefanya matege kwa njaa, ukisimama unalia. Tulikuwa tunakula mizizi ya tanipu, chakula cha ng'ombe, na hata hiyo ilitaka kusimama foleni. Baba alikuwa ameshauawa vitani. Mama alikuwa kiwandani. Hapakuwa na wa kukuachia, basi nikakubeba. Mkono wa kulia ulikuwa wa mfuko, kwa hiyo wewe ulikaa kushoto.

Siku moja nyuma ya reli, pale watu walipookota makaa, niliteleza kwenye barafu. Nilijigeuza ili wewe uwe juu. Nilisikia kitu ndani ya nyonga, nilikisikia kwa masikio. Wewe ulikuwa umekaa kifuani kwangu unacheka. Ulisema, "Tena!"

Sikumwambia Mama. Mtoto wa jirani mwenye miguu kama yako, watu wa serikali walikuja kumchukua wakampeleka kwenye nyumba ya watoto, na hakurudi. Nikisema nimeumia, nani angekubeba? Wangekuja. Basi nikainuka, nikakurudisha mahali pako, upande uleule, nikakubeba mpaka masika, ulipoanza kutembea mwenyewe.

Nilipoanza kujifunza kucheza, mwalimu wangu aliniona nikivuka chumba akaniambia niufanye tena mwendo ule, hajawahi kuona kitu kama kile. Alinisifu. Kilema kikisifiwa mara ya pili na ya tatu, mwenyewe husahau kwamba kilikuwa kilema. Nilisahau, Gesine. Hilo ndilo linalonitisha hadi sasa, siwezi kula. Sikuwa nawadanganya. Nilisimama mbele yenu miaka yote hiyo nikiwaambia mjue miili yenu, na wangu sikuujua. Maumivu niliyazoea kama saa ya ukutani. Na wewe, mtoto niliyejigeuza kwenye barafu usiumie, nikakuumiza mwenyewe kwa mikono yangu, taratibu, mbele ya kioo, nikikusifu. Wiebke pia, na Annelore. Nimewaomba radhi mmoja mmoja. Yako ndiyo iliyobaki, na kwenye karatasi haitoshi.

Nimeahirisha onyesho. Vioo nimevifunika kwa mashuka. Jana niliwaambia wasichana wafumbe macho watembee wanavyojua, nisiwaonyeshe kitu. Walitembea vibaya sana. Wiebke kweli ni bata. Lakini hakuna aliyekuwa bata wa mwenzake, na nilipowatazama nilishindwa kuondoa macho.

Kisha huyo Wiebke, mpuuzi yule, akaniambia, "Na Mwalimu je?" Nikalala chini. Mama yuko pale kwenye benchi, anafuma soksi, anajifanya haoni. Wiebke akakaa karibu na kichwa changu akaniuliza kama ulivyomweleza kwa barua, "Mguu wako wa kushoto uko wapi?"

Niliutafuta. Gesine, sikuupata. Nilifika kiunoni, kutoka hapo kwenda chini upande huo palikuwa kimya.

Mwulize Bibi Marquardt kama bado ana nafasi sakafuni, na kama mtu wa miaka ishirini na tisa anaweza kujifunza kutembea. Mjane wa kwanza ni wewe, kama ungali unataka. Anatembeaje sijui. Nilitaka kuandika kwamba utanionyesha, kisha nikakumbuka kwamba huko hamwonyeshani.

Dada yako,
Thekla


Berlin, 30 Aprili 1931

Dada yangu,

Barua yako niliifungua barabarani, sikuweza kungoja ngazi. Niliisoma mbele ya duka, nikalia mpaka mchinjaji akatoka na kiti, na safari hii alileta na soseji.

Bibi Marquardt anasema sakafu yake ni pana na hutachukua nafasi ya mtu. Nilimwuliza lile la miaka ishirini na tisa. Akasema mzee wa kukoroma ana sabini na mbili na wiki iliyopita amegundua kisigino.

Ile baridi siikumbuki. Nimelala sakafuni tangu jana nikiitafuta. Tanipu sikumbuki, wala barafu, wala kwamba nilisema, "Tena!" Lakini kuna kitu kimoja ambacho nimekuwa nacho tangu utotoni na sikuwahi kumwambia mtu, nikidhani ni ndoto: niko juu, nina joto, na dunia yote inapita chini yangu ikiyumba, inashuka kushoto, inapanda, inashuka kushoto. Hofu sina kabisa. Nilipokuwa jukwaani nikifanya mwendo wetu, nilikuwa naitafuta ile hali. Kumbe ulikuwa ni wewe unatembea.

Sijui kama bado nataka kuwa mjane wa kwanza. Kucheza nataka. Tutaona sote wawili tukishainuka.

Njoo na treni ya mchana ya Jumamosi. Nitakungoja kituo cha Anhalter, mwisho wa reli, pale watu wanaposhukia. Mama amekwisha kuniandikia kwamba utakataa, na kwamba nisikusikilize, kwa hiyo tusibishane mbele ya watu.

Sanduku nitalibeba mimi.

Gesine